Bwana Daudi wa Faza

Faza ni mji wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu. Mwaka 1587 Wareno waliuvunja mji huo na kuwaua watu wake. Miaka ikapita, na wafalme wa Faza wakafanya urafiki na Wareno, kwa sababu jirani zao wa mji wa Pate walikuwa adui zao. Bwana Daudi alikuwa wa ukoo huo wa wafalme.

Mwezi wa Machi 1696 Waarabu wa Oman walifika Mombasa na merikebu zao, wakaizingira Ngome ya Yesu, boma kubwa la Wareno. Bwana Daudi na jamaa zake walikuwamo ngomeni. Njaa ikawashika, kisha yakaingia maradhi mabaya. Wareno wakafa mmoja mmoja, hata tarehe 28 Agosti 1697 akafa mkuu wao, António Mogo de Mello, na ngome ikawa mikononi mwa Bwana Daudi.

Waliosalia pamoja naye walikuwa jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Maadui walikuwa wengi, wala hapakuwa na hakika ya msaada. Angaliweza kufungua mlango na kuiokoa nafsi yake, lakini hakuutoa. Ngome ikasimama hata katikati ya Septemba, zilipofika merikebu za Wareno. Moja yao ilikuwa Santo António de Tanná, iliyojengwa Bara Hindi.

Mwezi wa Oktoba kamba za merikebu hiyo zilikatwa, ikapwelewa mwambani, kisha ikazama mbele ya ngome. Ngome yenyewe ilitekwa Desemba 1698, baada ya miezi 33.

Magofu ya Engaruka, kaskazini-magharibi ya Mlima Meru katika mkoa wa Arusha, yalifukuliwa kwa kuchimba ardhi. Merikebu hii ilitaka kazi ya namna nyingine, maana imelala katika maji ya kina kisichofika mita 20. Tangu 1977 hata 1980 wapiga mbizi walishuka na mitungi ya hewa mgongoni, wakauondoa mchanga polepole, wakazipima mbao zake, wakatoa vyombo vingi. Vingine vimewekwa katika makumbusho ya ngome ile ile.

Basi aingiaye kuvitazama hukanyaga mahali ambapo Bwana Daudi na watu 75 walikesha, wakiilinda amana ambayo mwenyewe amekwisha kufa.