Rabindranath Tagore na Shule ya Chini ya Miti

Jina la Rabindranath Tagore si geni kwa mwanafunzi wa fasihi. Linapotajwa, aghalabu huandamana na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1913, kwani ndiye Mwasia wa kwanza kuipata katika fasihi. Linalosahaulika ni kwamba malenga huyu wa Kibengali alitumia nusu ya umri wake kuilea shule, na kwamba katika shule hiyo kivuli cha mti ndicho kilichokuwa darasa.

Alizaliwa Calcutta, ambayo leo ni Kolkata, tarehe 7 Mei 1861 katika ukoo wenye mali. Shuleni hakudumu. Kuta tupu na masomo ya kukariri vilimchosha, akahamishwa huku na huko, hatimaye akafunzwa nyumbani. Mwaka 1873 baba yake, Debendranath, alimpeleka Santiniketan, karibu na mji wa Bolpur. Mzee huyo alikuwa amejipatia ardhi hapo mwaka 1863, baada ya kuvutiwa na kivuli cha miti ya chatim iliyosimama katika uwanda mkavu wa udongo mwekundu, uliochimbwa na mvua hadi ukawa makorongo. Mtoto aliyezoea kufungiwa ndani aliachiwa kuzurura atakavyo. Pengine shule yake ilianzia hapo.

Aliifungua rasmi Desemba 1901, ikiwa na wanafunzi watano tu. Gharama zilimwelemea. Mkewe, Mrinalini, alitoa vito vyake viuzwe, na nyumba yao ya Puri ikauzwa pia. Kisha misiba ikafuatana: Mrinalini alifariki mwaka 1902, binti yao Renuka mwaka 1903, Debendranath mwaka 1905, na mwana wao mdogo, Shamindranath, mwaka 1907. Mtu mwingine angefunga milango. Tagore aliendelea kufundisha nje, wanafunzi wakiketi chini kwa duara kwenye bustani ya miembe na kando ya njia iliyopandwa miti ya sal. Mwaka 1921 shule ilizaa chuo cha Visva-Bharati.

Yafaa isisitizwe kwamba hakupanda mti wa aina moja. Miembe, sal, chatim, bakul na mingineyo iliwekwa pamoja, kila mmoja na msimu wake wa maua, hata mwanafunzi akajua mwezi kwa harufu. Kwa elimu ya leo, mchanganyiko huo una faida nyingine. Takriban nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni, ambayo mti uliifyonza kutoka hewani; mti mkubwa ulioachwa uzeeke huendelea kuihifadhi, na majani yanayooza huutajirisha udongo uliokuwa mtupu. Tena, mizizi ya miti mbalimbali hufikia vina tofauti, na wadudu wakiuvamia mti wa aina moja, ile mingine husalia. Tagore hakuwa na vipimo hivyo. Kumsifu kama mwanasayansi wa tabianchi kungekuwa kumvisha joho lisilo lake. Alichotaka ni mtoto asikue bila kuujua mti kwa jina.

Hata hivyo, aliona jinsi ukataji wa misitu ulivyoikausha nchi. Mwezi Julai 1928 alianzisha Santiniketan sherehe ya kupanda miti, Vriksharopan. Mche ulibebwa kwa machela yaliyopambwa, wanafunzi wakiimba na kucheza, kana kwamba ni bibi harusi anayepelekwa kwake. Mwaka 1931 alichapisha Banabani, diwani inayoiimba miti. Wahakiki wanaomsoma kupitia tuzo pekee huipita diwani hiyo bila kuigusa, jambo la kusikitisha.

Tagore alifariki Calcutta tarehe 7 Agosti 1941, ambayo katika kalenda ya Kibengali ilikuwa siku ya 22 ya mwezi wa Shravan. Siku hiyo hiyo ya kumbukumbu ya kifo chake ndiyo Santiniketan hupanda miche yake.