Stanley Browne, munganga wa Yakusu aliyechunguza ngozi za watu

Kabla ya kujulikana duniani kama bingwa wa ukoma, Muingereza Stanley Browne alikuwa munganga pale Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, kandokando ya mto Congo. Alizaliwa London mwaka 1907, akafika huku 1936 na kubaki mpaka 1959. Watu walimuita Bonganga.

Ngozi nzima ukiivuta na kuiachilia, inarudi palepale. Ya mgonjwa wa oncho, minyoo inayoletwa na inzi wadogo weusi wa mtoni, inalegea: kijana anapata mikunjo ya mzee, na kuwashwa usiku kucha. Kupima, wanakata kipande kidogo sana cha ngozi, wanakiweka ndani ya maji, kisha wanatafuta minyoo kwa mikroskopi. Doa la ukoma ni shida nyingine, hapo mgonjwa hasikii hata pamba ikimgusa.

Kutoka Congo alienda Nigeria. Huko, mwaka 1962, yeye na Hogerzeil walionyesha kwamba clofazimine inatibu ukoma. Alifariki 1986. Dawa hiyo ingali ndani ya paketi wanazopewa wagonjwa bure, ijapokuwa inabadilisha rangi ya ngozi, na wengine wanaiacha sababu ya haya.