Debora: Mama wa Israeli na Wimbo Wake wa Ushindi

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Waamuzi 4 na 5, Waebrania 11:32–34.

Fungu la kukariri: Waamuzi 5:2.

Katika makambi yetu kwaya ikiimba wimbo wa ushindi, waumini husimama, hupunga leso, na wimbo hurudiwa. Ni mara chache tunaketi baadaye kuulizana wimbo ule umesema nini. Ushindi ni wa nani? Umepatikana juu ya nani? Nasi tulikuwa wapi ulipopatikana?

Juma hili tunajifunza maisha ya Debora, mwanamke aliyeamua watu, akatoa unabii, akaenda vitani, kisha akaimba. Wimbo wake umehifadhiwa katika Waamuzi 5, na wataalamu wengi wa Kiebrania wanauhesabu miongoni mwa mashairi ya zamani zaidi katika Biblia yote. Neno la Mungu limetupa habari hii mara mbili: sura ya 4 inasimulia, sura ya 5 inaimba. Tuzisome pamoja, kama baraza linavyosikiliza mashahidi wawili wa jambo moja, kwa maana yapo mambo ambayo mmoja ameyaacha na mwingine ameyasema.

Sisi tunaoishi Ngara na Biharamulo hatuwezi kuusoma wimbo huu kijuujuu. Unataja barabara zilizokosa wasafiri, mto uliobeba watu, na mama anayemngoja mtoto asiyerudi. Hayo yote matatu tumeyaona kwetu.

JUMAPILI: Mama Chini ya Mtende

Soma Waamuzi 4:1–5 na 5:6–8. Hali ya Israeli ilikuwaje kabla Debora hajainuka?

Debora alikuwa mke wa Lapidothi. Aliishi katika nchi ya vilima ya Efraimu, na mahali pake pa kazi palikuwa chini ya mtende uliosimama kati ya Rama na Betheli. Watu walimpandia huko na mashauri yao, naye aliyaamua. Katika kitabu cha Waamuzi yeye peke yake ndiye mwanamke anayetajwa kwa kazi hiyo, na pia anaitwa nabii. Jina lake katika Kiebrania maana yake ni nyuki. Wafugaji wa nyuki wa Biharamulo hawahitaji kuelezwa kwamba kiumbe huyo mdogo hutoa asali na pia hulinda nyumba yake.

Siku zile Yabini, mfalme wa Kanaani aliyetawala Hazori, aliwaonea Israeli kwa miaka 20. Jemadari wake Sisera alikuwa na magari 900 ya chuma. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza wa uonevu ule alikuwa amefikia umri wa kuoa bila kuiona amani.

Simulizi inatupa hesabu ya magari, lakini wimbo unatuonyesha maisha ya kila siku. Njia kuu zilikuwa tupu, na aliyelazimika kusafiri alipita vichochoroni. Ndugu waliosafiri katika mapori ya Biharamulo miaka ile ya ujambazi, mabasi yakisindikizwa na askari wenye silaha, wanaelewa haraka. Vijiji navyo vilikoma. Ngao na mikuki havikuonekana miongoni mwa watu 40,000.

Wimbo hauishii kumlaumu Yabini. Unasema wazi kwamba watu walijichagulia miungu mipya, ndipo vita ikafika malangoni. Anayetaka kuimba ushindi pamoja na Debora huanza kwa kuungama.

Tafakari: Je, yapo mateso katika jamii yetu ambayo tunawalaumu wengine tu, wakati sisi wenyewe tulifungua lango?

JUMATATU: Baraka Hataki Kwenda Peke Yake

Soma Waamuzi 4:6–10. Kwa nini Baraka aliomba Debora aende naye?

Debora alituma mtu amwite Baraka mwana wa Abinoamu kutoka Kedeshi ya Naftali. Alimpa agizo la Bwana: achukue watu 10,000 wa Naftali na Zabuloni, apande nao mlima Tabori. Bwana mwenyewe angemvuta Sisera hadi mto Kishoni.

Hapa msomaji wa Kiswahili aangalie jambo moja. Jina la jemadari huyu linafanana na neno letu baraka, lakini katika Kiebrania ni neno lingine, na maana yake ni umeme wa radi. Kwa hiyo Nyuki alimwita Umeme, naye Umeme akasita. Alikubali kwenda kwa sharti kwamba nabii aandamane naye. Debora hakumkataa, ila alimjulisha kwamba heshima ya siku ile haitakuwa yake, kwa kuwa Sisera angetiwa mkononi mwa mwanamke.

Wengine humcheka Baraka kwa woga. Hata hivyo, Waebrania 11 inamtaja miongoni mwa mashujaa wa imani. Imani yake ilihitaji mtu wa kuishika mkono, na Mungu hakuitupa kwa sababu hiyo. Debora naye angeweza kubaki chini ya mtende wake, kwa kuwa ujumbe alikuwa ameshautoa. Aliondoka, akapanda na wale aliowatuma. Ndiyo maana wimbo wake unaanza kwa kumhimidi Bwana kwa ajili ya viongozi walioongoza na watu waliojitoa kwa hiari. Alikuwa na haki ya kuimba hivyo, kwa sababu alikuwepo.

Tafakari: Wewe uliye kiongozi, je, kuna mahali unapowatuma watu ambapo wewe mwenyewe huendi?

JUMANNE: Mto Kishoni

Soma Waamuzi 4:12–16 na 5:4, 5, 19–22. Wimbo unaeleza nini ambacho simulizi haikueleza?

Sura ya 4 inasema Bwana alimfadhaisha Sisera, naye akashuka garini akakimbia kwa miguu. Msomaji makini hujiuliza: mwenye magari 900 anakimbiaje kwa miguu? Jibu limo katika wimbo. Mbingu zilidondosha maji, na Kishoni ikawakumba.

Bonde lile ni tambarare. Wakati wa kiangazi ni uwanja mzuri wa magari ya vita, na kijito chake si kitu cha kuogopwa. Mvua kubwa ikinyesha, udongo wake mzito hugeuka tope. Dereva yeyote aliyewahi kuona lori limezama hadi ekseli wakati wa masika anajua kwamba chuma hakimsaidii mtu hapo. Silaha ambayo Israeli waliiogopa kwa miaka 20 iligeuka mzigo kwa wenye nayo.

Wimbo unasema pia kwamba nyota zilipigana kutoka mbinguni. Asitokee mtu akatumia maneno hayo kutetea utabiri wa nyota. Katika wimbo nyota ni askari wa Muumba wao, haziamui lolote zenyewe. Mvua, mto na nyota vimetajwa kwa kusudi moja, kwamba Israeli asidai ushindi ule kuwa wa mkono wake.

Hapa inatupasa kusema kwa uangalifu. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, wakikimbia kutoka Rwanda. Majuma yale Mto Kagera ulibeba miili ya waliouawa hadi Ziwa Viktoria. Wapo miongoni mwetu walioiona kwa macho yao. Watu wale waliuawa na wanadamu, tena wengine na majirani zao. Yeyote asifananishe mto ule na Kishoni, wala asiuchukue wimbo wa Debora kumwita jirani yake Sisera. Wimbo wenyewe unalikataa jambo hilo, kama tutakavyoona kesho na keshokutwa.

JUMATANO: Waliokuja na Waliobaki

Soma Waamuzi 5:13–18, 23. Andika orodha mbili: waliokuja na waliobaki.

Baada ya vita Debora hakuimba juu ya maadui peke yao. Karibu nusu ya mafungu 31 ya wimbo wake yanawahusu Israeli wenyewe. Anaita majina kama mwalimu anavyosoma rejesta ya darasa. Efraimu walikuja. Benyamini walikuja, na Makiri, na Isakari. Zabuloni na Naftali walihatarisha maisha yao.

Kisha anawataja wengine. Reubeni walikuwa na mashauri mazito moyoni, nao wakabaki mazizini wakisikiliza filimbi za wachungaji. Bila shaka kikao kilikuwa kirefu na kila mtu alisema vizuri, ila hakuna aliyeondoka. Gileadi walikaa ng'ambo ya Yordani. Dani walibaki na merikebu zao, na Asheri walitulia pwani. Hakuna aliyesemwa kuwa aliwasaidia maadui. Kila mmoja alikuwa na kazi halali ya kufanya, na kazi hiyo ilitosha kumzuia. Mji wa Merozi ndio uliopewa neno kali kuliko wote: ulilaaniwa kwa sababu haukuja kumsaidia Bwana.

Linganisha sasa Merozi na Yaeli, ambaye tutajifunza habari zake kesho. Merozi ulitazamiwa kuja, ukalaaniwa. Yaeli alikuwa wa nyumba ya Heberi Mkeni, nyumba iliyokuwa na amani na Yabini, naye akabarikiwa. Basi mpaka unaochorwa na wimbo huu haupiti kati ya kabila na kabila. Unapita kati ya aliyeitika na aliyebaki. Mtu anayeutumia kuchochea chuki ya ukabila ameusoma kinyume.

Tafakari: Wazee wa darasa wanaokumbuka mwaka 1994 waeleze. Watu wale walipofika wakiwa na njaa na kiu, nani alitoka na maji, na nani alifunga mlango? Wewe ulikuwa wapi?

ALHAMISI: Hema na Dirisha

Soma Waamuzi 4:17–22 na 5:24–30. Linganisha wanawake wawili wanaotajwa mwishoni mwa wimbo.

Sisera alikimbilia hema ya Yaeli. Aliomba maji akapewa maziwa, akafunikwa, akalala. Yaeli akachukua kigingi cha hema na nyundo, akamwua. Vifaa hivyo havikuwa vya vita. Vilikuwa vyombo vya nyumbani. Habari hii inatutatiza, kwa kuwa kwetu mgeni aliyepokewa huwa salama. Si vibaya itutatize. Wimbo unamsifu Yaeli kwa kuuvunja uonevu wa miaka 20; hautuagizi kuvunja ukarimu.

Wimbo ungeweza kuishia pale. Badala yake unatupeleka mbali, kwenye dirisha la mama yake Sisera. Anachungulia na kujiuliza kwa nini magari yanachelewa. Wanawake wenye hekima walio karibu naye wanamfariji: bila shaka wanagawana nyara, nguo za rangi, na wasichana, mmoja au wawili kwa kila mtu.

Sikiliza faraja hiyo vizuri. Wasichana wanaotajwa ni binti za Israeli, wanaohesabiwa pamoja na vitambaa. Sisera angeshinda, hayo ndiyo yangewapata. Katika wimbo wenyewe Debora anaitwa mama katika Israeli, na sasa anamweka mama mwingine mbele yetu. Mmoja aliinuka watoto wa watu walipoonewa. Mwingine alingoja sehemu yake ya nyara.

Na bado ni mama, naye anamngoja mwanawe. Wimbo una kejeli hapa, lakini umemwacha dirishani ili tumwone. Mithali 24:17 inatukataza kufurahi adui aangukapo, na Yesu alituagiza kuwapenda adui zetu. Tukiufikia ukurasa huu, sauti zetu na zishuke kidogo.

Tafakari: Je, tunaweza kumshukuru Mungu kwa kuondolewa uonevu, na wakati huohuo kumhurumia mama wa mwonevu? Jadilini kwa utulivu.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Debora alitaka wimbo wake uimbwe wapi? Fungu la 11 linataja mahali pa kuteka maji. Wimbo ule ulipaswa kusikika visimani, ambako akina mama na vijana hukutana kila siku, ili matendo ya haki ya Bwana yasimuliwe kwa wale ambao hawakuwa Tabori. Kabla ya hapo hata kwenda kisimani kulikuwa hatari. Kuimba pale bila hofu kulikuwa ushahidi kwamba amani imerudi.

Wimbo unamalizika kwa ombi. Adui za Bwana wapotee, nao wampendao wawe kama jua linapochomoza kwa nguvu zake. Picha ya mwisho ni ya asubuhi. Vivyo hivyo Ufunuo 15 inatuonyesha waliokombolewa wakiimba wimbo wa Musa na wa Mwana-Kondoo. Wao wanayasifu matendo ya Mungu na haki yake, bila kusema lolote juu ya ushujaa wao.

Nchi ilistarehe miaka 40. Kuzeeka kwa Debora na kifo chake havikuandikwa, na katika orodha ya Waebrania 11 anayetajwa ni Baraka. Hata hivyo kizazi kizima kilikua kikitembea katika njia kuu badala ya vichochoro. Hilo lilimtosha mama.

Maswali ya Kujadili:

1. Kama Debora angetunga wimbo juu ya kanisa lako mwaka huu, jina lako lingekuwa katika orodha ipi?

2. Mazizi, merikebu na pwani za siku zetu ni zipi? Ni kazi gani halali inayokuzuia kuitika?

3. Chagueni wimbo mmoja wa ushindi ambao kwaya yenu huimba. Unampa nani utukufu? Jirani wa kabila lingine akiusikia, atajiona amekaribishwa au amefukuzwa?