Mchoraji wa Paris na mwezi wa Unyamwezi

Mwanafunzi mmoja wa sekondari hapa Voi aliniletea mchoro wake hivi karibuni. Alikuwa amechora mji wa miaka mia moja ijayo: majumba ya vioo, magari yapaayo na roketi iking'oka ardhini. Mkono wake ni hodari. Hata hivyo, niliutafuta mlima wa Sagalla nisiuone. Nilitafuta mbuyu, mkonge na tembo mwekundu wa Tsavo, nisivipate. Nilipomwuliza alichora kwa kutazama nini, alinionyesha picha alizozikata katika magazeti ya ng'ambo. Sikumlaumu. Nilimsimulia maisha ya Édouard Riou, nami naona si vibaya kuwasimulia wasomaji pia.

Riou alizaliwa mwaka 1833 huko Saint-Servan, Ufaransa, akakulia katika mji wa bandari wa Le Havre. Alijifunza kuchora mandhari kwa Charles Daubigny, bingwa wa fani hiyo. Mwaka 1863 alichora picha za kitabu cha Louis Figuier kilichoeleza dunia ilivyokuwa kabla ya gharika. Hakuna jicho la mtu lililopata kuwaona wanyama wale wakiwa hai. Riou alianza na mifupa iliyochimbuliwa na wataalamu, akaivika nyama, kisha akaizungushia misitu, maji na mawingu. Kwa ufupi, alitoka kwenye kitu kilichoonekana akafika kwenye kisichoonekana.

Mwaka huo huo Jules Verne alitoa riwaya yake ya wasafiri watatu wanaovuka Afrika kwa puto, wakianzia Unguja mwezi Aprili 1862. Toleo lenye picha lilitoka mwaka 1865, na wachoraji wake walikuwa Riou na Henri de Montaut. Baadaye Riou alichora safari ya kwenda kitovu cha dunia na sehemu ya mwanzo ya riwaya ya nyambizi ya Nahodha Nemo, ambamo profesa msimulizi alipewa sura ya Verne mwenyewe.

Kazi yenyewe haikuwa ya mkato. Riou alichorea pia gazeti la safari la Paris, ambamo chini ya picha zake nyingi iliandikwa kuwa zimetokana na picha za kamera za wasafiri. Mchoro ulichorwa juu ya bao gumu la mti. Mchongaji akaondoa kila palipotakiwa kuwa peupe. Ndipo bao likapakwa wino na kupigwa chapa pamoja na maandishi. Rangi ilitaka jasho zaidi. Katika kitabu kuhusu mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, Riou alitoa picha 25 za rangi za maji alizozichora kwa kuyatazama mahali hapo kwa macho yake, kisha Eugène Cicéri akazihamishia kwenye mawe ya kuchapia.

Sasa tazama tofauti. Suez alifika. Pwani yetu na bara lake vilichorwa Paris, kwa kufuata maneno ya Verne, naye Verne alifuata masimulizi ya wapelelezi kama Richard Burton. Burton alieleza kuwa Unyamwezi ni nchi ya mwezi. Verne akalichukua jina hilo akalijengea kisa kizima: puto linapofika Kazeh, yaani Tabora, wenyeji wanalidhania kuwa mwezi, na waliomo kuwa wana wa mwezi, hadi mwezi wa kweli unapochomoza na ghasia kuzuka. Sisi tunaoshughulika na lugha tunajua kuwa wapo wanaolieleza jina hilo kwa njia nyingine: watu wa magharibi, upande unakoandama mwezi mchanga. Maana moja ya neno, iliyochukuliwa bila kuwauliza wenye neno, ikawageuza watu waliozoea misafara ya masafa marefu kuwa wajinga wasiojua mwezi wa mbinguni.

Riou alifariki Paris mwaka 1900. Simtii hatiani peke yake. Alifanya kazi kwa uaminifu kwa vielelezo alivyopewa, na ustadi wake ungali darasa kwa kila anayetaka kuchora yasiyokuwapo. Lakini maisha yake yanatufunza kwamba hata ndoto huzaliwa na kielelezo, na kwamba anayetoa kielelezo ndiye anayeamua nani atakuwa ndani ya puto na nani atabaki chini akishangaa.

Ndiyo maana nilimshauri kijana yule aazime kamera, apande Sagalla asubuhi, apige picha reli mpya ya mwaka 2017 ikikatiza Tsavo, mashamba ya mkonge ya Mwatate, mlima wa Kasigau na nyuso za watu sokoni. Azitandaze mezani, achore kwa penseli, ndipo aongeze roketi yake na kuitia rangi, akianza na udongo wetu mwekundu. Wahenga wametuasa tuchanganye akili za kuambiwa na zetu. Walimu wa sanaa, wachapishaji na wazazi, tuwasaidie vijana hawa kupata vifaa na kurasa za kuchorea. La sivyo, wajukuu wetu watasoma habari za karne ijayo wakidhani kuwa Voi haimo.