Seth Carlo Chandler

Seth Carlo Chandler (16 Septemba 1846 – 31 Desemba 1913) alikuwa mwanaastronomia wa Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kugundua kwamba Dunia huyumbayumba kwenye mhimili wake kwa kipindi cha miezi 14 hivi. Mwendo huo huitwa myumbo wa Chandler.

Maisha

Chandler alizaliwa Boston, Massachusetts. Alipokuwa kijana alimsaidia mwanaastronomia Benjamin Gould, kisha akafanya kazi ya hesabu za bima ya maisha. Hata hivyo hakuiacha astronomia. Mwaka 1881 alijiunga na paoneaanga pa Chuo Kikuu cha Harvard. Huko alibuni chombo chenye darubini inayoelea juu ya zebaki. Vipimo vyake vya miaka 1884–1885 vilionyesha kwamba latitudo ya mahali hapo ilibadilika kidogo.

Ugunduzi

Mwaka 1765 Leonhard Euler alikuwa amekadiria kwamba myumbo wa Dunia, kama upo, ungechukua siku 305 hivi. Wataalamu waliutafuta kwa zaidi ya karne moja bila mafanikio. Chandler hakujifunga na nadharia hiyo. Alichambua vipimo vyake pamoja na kumbukumbu za zamani, na mwaka 1891 akatangaza kipindi cha siku 427. Wengi walitilia shaka matokeo hayo, akiwemo Simon Newcomb. Lakini baadaye Newcomb mwenyewe alieleza sababu: Euler alihesabu Dunia kama gimba lisilopinda kamwe, kumbe hupinda kidogo na bahari zake husogea, hivyo kipindi hurefuka.

Umuhimu

Myumbo huo husogeza ncha za Dunia kwa mita chache tu. Miamba ya ndani inapopindwa, msuguano hugeuza sehemu ya nishati kuwa joto. Kwa hiyo myumbo ungefifia katika miongo michache, kama kengele iliyogongwa mara moja. Unaendelea kwa sababu mabadiliko ya kanieneo ya hewa na ya maji ya bahari huusukuma upya. Kwa kupima jinsi unavyofifia, wanasayansi hukadiria msuguano ulioko kwenye vina visivyofikiwa na chombo chochote.

Chandler alipewa medali ya dhahabu ya Royal Astronomical Society mwaka 1896. Alifariki Wellesley Hills, Massachusetts.