Dag Hammarskjöld: Kifo Kinachosubiri Jibu

Dag Hammarskjöld, mzaliwa wa Sweden, alishika wadhifa wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1953. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, 1961, akiwa safarini kutafuta suluhu ya mapigano ya Katanga, nchini Kongo, ndege yake ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo. Watu wote 16 waliokuwamo walipoteza maisha. Tume ya watawala wa kikoloni ilimlaumu rubani, ilhali wachoma mkaa walieleza kuona ndege ya pili angani. Uvumi ukawataja mamluki na majasusi. Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman, aliyekabidhiwa suala hilo na Umoja wa Mataifa, alibaini kuwa huenda ndege ilishambuliwa, akazihimiza nchi husika kufungua nyaraka zao. Zisipofunguliwa, uvumi utaendelea kushika nafasi ya ukweli.