Sheikh Abdallah Bakathir: Mtoto wa Amu aliyekwenda kuzuru Hadhramaut

Kwetu Amu safari ina sababu zake zinazojulikana. Mtu huenda Hija, au huenda kufanya biashara, au kutafuta tabibu, na tangu zama za petroli, huenda Ghuba kutafuta kazi. Lakini mtu akisema anakwenda nchi ya mbali kutembea na kuona tu, na huku watu wanajua kuwa mfuko wake ni mwepesi, basi barazani atasemwa. Wataulizana amepatwa na nini, na wako wake kawaachia nani.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za mtu mmoja wa mji wetu aliyefanya safari ya namna hiyo zaidi ya miaka 120 iliyopita. Alikwenda kuzuru, akaona, akakaa na watu, akarudi. Hakuleta bidhaa yoyote ya kuuza sokoni. Hata hivyo alicholeta kimeifaidi pwani yote, na watu wanakila mpaka leo bila ya kujua nani aliyekipika.

Mtu huyo ni Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir. Sisi tuliosoma vyuoni Amu tulilisikia jina lake tungali wadogo, likitajwa pamoja na majina ya masheikh wengine katika kurehemiwa. Tulikuwa tukiitikia amin bila ya kujua tunamuombea nani.

MZALIWA WA AMU

Alizaliwa Amu mwaka 1276 wa Hijra, nao ni kama mwaka 1860. Ukoo wa Bakathir asili yake ni Hadhramaut, katika kabila la Kinda, na ndiyo maana huongezwa jina la Al-Kindi. Wao si masharifu. Ni watu wa nyumba za kimasheikh. Jambo hili lataka kukumbukwa, kwa sababu zamani hizo, huku kwetu na huko kwao pia, nasaba ilikuwa na uzito mkubwa. Mtu akijulikana kwanza kwa babu yake, kisha ndipo kwa elimu yake.

Amu ya wakati ule ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Mji ulikuwa na wafanyi biashara wakubwa, majahazi yakija na kaskazi na kuondoka na kusi, na majumba ya mawe yenye vidaka. Ulikuwa pia mji wa elimu. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Sayyid Mansab bin Abdurrahman, yule aliyeitia Maulidi ya Barzanji katika tenzi ya Kiswahili, ambaye aliishi mpaka mwaka 1922. Kwake alisoma fiq-hi na lugha, akajulikana kwa bidii.

Hatajwi popote kwa utajiri. Wanaotajwa kwa mashamba na majahazi ni wengine. Yeye njia yake ilikuwa ya kitabu. Alikwenda Makka, akahiji, na huko akasoma kwa wanavyuoni wakubwa wa Kishafi wa wakati huo, miongoni mwao Sheikh Muhammad Said Babsail na Sheikh Umar Bajunaid. Katika miaka ya 1890 akahamia Unguja, ambako alikuwako Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija mwaka 1861, kadhi na mwanachuoni mkubwa. Umri wao ulikaribiana sana, lakini Sheikh Abdallah hakuona haya kukaa mbele yake akamfanya mwalimu wake. Urafiki wao ulidumu mpaka kufa.

KUFUATA NJIA KWA KINYUME

Sayyid Ahmad alikuwa amekwisha kutembea: Hadhramaut, Misri, Makka, na Istanbul, ambako Sultani Abdulhamid wa pili alimpa nishani. Yeye ndiye aliyemtia moyo Sheikh Abdallah aende Hadhramaut, na akamuelekeza ni nani wa kumzuru. Sheikh alifunga safari mwaka 1314 wa Hijra, yaani 1896 kuingia 1897.

Nawaomba wasomaji tuutazame wakati wenyewe. Unguja ilikuwa imetoka kupigwa mizinga na manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti, 1896, na Aprili 1897 ikatoka amri ya kuondoa utumwa. Amu nayo tangu mwaka 1895 ilikuwa imetiwa katika himaya ya Kiingereza. Dunia ya wazee ilikuwa ikibadilika mbele ya macho yao. Mwenye mali aliuliza mali yake itakuwaje, na mwenye cheo aliuliza juu ya cheo chake. Mwanachuoni aliuliza elimu itakuwaje.

Tena tuitazame njia. Miaka hiyo Wahadhrami, ambao sisi tulizoea kuwaita Washihiri kwa jina la bandari ya Shihr, walikuwa wakija kwetu kwa mamia kutafuta riziki. Walichukua mizigo bandarini, waliuza kahawa, walifungua vijiduka. Nchi yao ni kavu, na njaa iliwajua kwa majina. Sheikh Abdallah aliishika njia ile ile, ila alielekea kule walikotoka wao. Aliacha mji wenye neema akenda katika bonde la ukame, kwa sababu alichokuwa akikitafuta kilikuwa huko.

Na njia yenyewe haikuwa rahisi. Meli za moshi zilikuwako, na majahazi yaliendelea kwenda na pepo zake. Lakini ukishashuka pwani ya Uarabuni, baharini kumekwisha, na bado hujafika. Baina ya bahari na bonde la Hadhramaut kuna nyanda za juu, kavu, za mawe matupu. Barabara ya motokaa kutoka Tarim hadi Shihr ilimalizika miaka 40 baadaye, katika miaka ya 1930, kwa juhudi na fedha za Sayyid Abubakar Al-Kaf. Zamani zile ilikuwa ni ngamia na punda, na siku nyingi za mwendo. Kila kabila la Mabedui lina mpaka wake, na mgeni hapiti ila awe na mtu wa kabila hilo wa kumsindikiza, naye hulipwa. Rupia za Unguja zikibadilishwa kwa riale za Maria Theresa, na riale zikienda moja moja.

MSAFIRI ASIYE NA MALI HUISHI VIPI?

Hapo ndipo penye siri ambayo nataka vijana waijue. Katika bonde lile msafiri wa elimu hakuwa akilala nyumba ya kupanga. Alipokelewa. Kulikuwa na ribati, yaani nyumba za wanafunzi, kama ile aliyoijenga Habib Ali bin Muhammad Al-Habshi mjini Say'un na ile ya Tarim. Kulikuwa na nyumba za masheikh ambazo mlango wake haufungwi kwa mgeni. Mgeni alipewa tende, kahawa na mkeka, na yeye malipo yake ni adabu yake na alichonacho kifuani. Mwenye kusoma vizuri aliombwa asome. Barua ya mtu anayejulikana, kama Sayyid Ahmad, ilikuwa na thamani kuliko mkoba wa fedha.

Katika safari hiyo Sheikh Abdallah aliiona Shibam, mji wa asili ya akina bin Sumeit, wenye majumba ya udongo karibu 500 yaliyosongamana ndani ya ukuta mmoja, mengine ya ghorofa saba na nane. Aliingia Say'un, akakaa na Habib Ali Al-Habshi, mtunzi wa Maulidi ya Simtud-Durar. Alifika Tarim, akakutana na mufti wake, Sayyid Abdurrahman bin Muhammad Al-Mash-hur. Pale Tarim ndipo yalipo makaburi ya Zanbal, alipozikwa Imamu Abdallah bin Alawi Al-Haddad, mwenye ratibu tunayoisoma misikitini mwetu. Ule mnara mrefu wa msikiti wa Al-Muhdhar, ambao siku hizi kila mwenye kwenda hupigwa picha chini yake, yeye hakuuona, ulikuwa haujajengwa.

Kwa kila sheikh aliyemzuru alitaka ijaza. Labda wako wasomaji wasiojua mambo yake. Mwanafunzi hukaa mbele ya sheikh, akamsomea kitabu au mwanzo wake, na sheikh akiridhika humpa ruhusa ya kukisomesha, na humtajia ni nani aliyemruhusu yeye, na nani aliyemruhusu huyo, mpaka silsila ifike kwa mwenye kitabu na juu zaidi. Ni hazina isiyokatwa ushuru forodhani.

Aliyoyaona na aliokutana nao aliyaandika kwa Kiarabu katika kitabu alichokiita Rihlatul Ashwaqil Qawiyya, yaani safari ya shauku zenye nguvu, kuelekea maskani ya masharifu wa Kialawi. Kitabu hicho kilichapishwa baada ya kufa kwake. Ni fahari kwa Amu kwamba mtoto wake mmoja, ambaye si sharifu wala si tajiri, aliwaandikia Wahadhrami habari za nchi yao wenyewe, na wao wakakihifadhi.

UKUTANI

Aliporudi Unguja alisomesha nyumbani kwake Ukutani. Mimi mara ya kwanza nilipofika Unguja, kijana, na fedha ya kula siku tatu, nilikwenda kwa miguu mpaka mtaa huo, nikauliza na nikaonyeshwa. Ni vichochoro kama vya Amu. Mtu wa Langoni au Mkomani hapotei. Nilisimama nikafikiri ni watu wangapi waliopita hapo na vitabu mikononi, wametoka Ngazija, Barawa, Mombasa, na visiwa vyetu hivi.

Katika waliosoma kwake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, na Sayyid Umar, mwana wa Sayyid Ahmad bin Sumeit, ambaye naye alikwenda Hadhramaut na akaandika kitabu cha safari zake. Mwanawe, Sheikh Abubakar, alishika nafasi yake. Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliandika habari za wanavyuoni hawa katika kitabu chake, na lau si yeye wengi wetu tusingejua kitu.

Karibu na mwaka 1914 Sheikh Abdallah alisafiri tena, mara hii mpaka Cape Town, ambako Waislamu walikuwa na mabishano yao wakamtaka awasaidie. Mtoto aliyeanza kwa ubao na wino wa masizi Amu ameitwa upande wa mwisho wa bara hili kwenda kusuluhisha watu.

Alifariki Unguja mwaka 1925. Katika mwaka huo huo alifariki Sayyid Ahmad, rafiki yake.

Hapa Amu hatuna kaburi lake la kuzuru, na labda ndiyo sababu hatumtaji kama tunavyomtaja Habib Saleh, ambaye Msikiti wake wa Riyadha hukusanya watu kila mwaka kwa Maulidi ya yule yule Habib Ali wa Say'un. Lakini ningependa walimu wa vyuo wawasimulie watoto habari za Sheikh huyu. Vijana wetu wengi wanangoja wapate fedha ndipo waione dunia, na wengine wakizipata wanaona maduka. Waambiwe kwamba alikuwako mtu wa mitaa hii hii aliyejua anakwenda kumuona nani na anataka kumuuliza nini, na kwa hayo milango ikafunguka. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie tupate wa kushika njia yake. Amin.